Pikapu Iliyochuchumaa ya Madaktari wa Macho

Vijana wa karakana mmeniomba niandike. "Mama Rama," mlisema siku ile ya kuniaga, "usiondoke na vitu vyote kichwani." Nimekabidhi kabati, ovaroli mbili na funguo za stoo, na sasa nina muda kuliko nilivyowahi kuwa nao. Sitaandika nilipanda cheo lini wala nilihudhuria semina ngapi. Hayo yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe hata masijala hawajui liko wapi. Nitaandika kuhusu kazi, na hasa kuhusu magari yanayokaa chini kwa nyuma yakifungwa tela, kwa sababu hilo ndilo lililoniumiza kichwa zaidi kuliko injini zote nilizofungua.

Mimi ni mtoto wa Kondoa, vilimani kabisa, kwa wakulima. Nilitoka chuo cha ufundi nikapangiwa Dodoma, na asubuhi ya kwanza nilifika karakana na seti ya spana niliyopewa na kaka yangu, imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nilipelekwa kwa Mzee Ndahani, fundi wa springi na miguu ya magari. Alikuwa Mgogo mrefu, mwenye maneno machache na mikono mikubwa kama makasia. Nikamwamkia.

"Marahaba," akajibu. "Hicho kilichofungwa ni nini?"

"Spana, Mzee."

"Ziweke kabatini. Utaziona tena mwezi ujao."

Akanipa ubao mwembamba uliochongwa alama za sentimita kwa kisu, akanionyesha lori lililokuwa limesimama uwanjani. "Kapime magurudumu yote manne. Kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi. Usipime kutoka ardhini. Ukipima kutoka ardhini, tairi lenye upepo mdogo litakudanganya, na wewe utanidanganya mimi."

Nilipima. Nikaandika kwenye daftari. Akaangalia, akanirudisha nikapime tena, maana nilikuwa nimepima gari likiwa na dereva ndani, na dereva yule alikuwa na mwili. Hivyo ndivyo ulivyopita mwezi wangu wa kwanza: asubuhi kupima, mchana kuosha springi kwa dizeli. Springi za nyuma za magari yetu, kama mnavyojua, ni vipande vya chuma vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa katikati. Mzee Ndahani alinifundisha kuvifungua, kuvining'iniza kimoja kimoja kwenye waya na kuvigonga kwa nyundo ndogo. Kipande kizima hulia kama kengele ya shule. Chenye ufa hulia kama sufuria bovu. Mpaka leo siamini macho yangu kwenye springi, naamini masikio.

Mwezi ulipokwisha aliniita, akasema, "Sasa kachukue zile spana zako." Nilizifuata mbio. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na hakuna siku nyingine kazini niliyokimbia namna ile, ukiacha siku moja jeki ilipoteleza.

Nikawa fundi. Nikawa fundi mzuri, nasema bila aibu, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu fundi mzuri anayejua kwamba ni mzuri huacha kupima.

Alikuja bwana mifugo mmoja wa Kongwa. Pikapu yake ilikuwa inavuta tela dogo lenye tangi la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ilikuwa imekaa chini kwa nyuma mpaka bampa linakaribia kuchora ardhi, na kwa mbele imenyanyua pua kama inanusa mvua. Mzee Ndahani alikuwa likizo. Sikuhitaji kumsubiri, niliona tatizo kwa macho yangu. Nikaongeza vipande viwili vya springi kila upande, vinene, vya gari kubwa. Tulipofunga tela, pikapu ilisimama imara, nyuma haikushuka hata kidole. Bwana mifugo akafurahi, akanipa mkono mara mbili. Nami nikawatembeza mafundi wenzangu wakaangalie kazi.

Wiki ya tatu zikaja habari kwamba ile pikapu imeingia korongoni.

Mzee Ndahani alikuwa amerudi. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Panda gari, twende." Tulikwenda mpaka Kongwa. Pikapu ilikuwa chini ya kona, ubavuni, tela limelala juu yake. Hapakuwa na alama za breki kwenye kona ile. Palikuwa na alama za magurudumu ya mbele tu, yamekatwa kulia kabisa, lakini mistari yake kwenye changarawe ilinyooka moja kwa moja hadi ukingoni.

Tukamkuta bwana mifugo hospitali, mkono umefungwa plasta. Alisema jambo ambalo sijalisahau. "Niligeuza usukani, fundi. Niligeuza wote. Gari halikunisikia."

Nje ya wodi Mzee Ndahani aliokota kijiti, akakilaza juu ya jiwe. "Jiwe ni ekseli ya nyuma," akasema. "Huku mbele ni usukani. Huku nyuma ndiko tela linakokandamiza." Akabonyeza ncha ya nyuma kwa kidole, ncha ya mbele ikainuka. "Uzito unaowekwa nyuma ya ekseli hauishii kuishusha nyuma. Unainyanyua mbele. Sasa wewe uliweka springi ngumu, nyuma ikanyooka, ukafurahi. Lakini uzito je, uliuondoa?"

"Hapana, Mzee."

"Tangi lilikuwa puani mwa tela, pale linapofungwa kwenye gari, na bado liko puani. Magurudumu ya mbele yaliendelea kugusa ardhi kwa ncha za vidole. Ulitibu homa, Hadija. Malaria ukaiacha."

Nilirudi wodini, nikamwambia bwana mifugo kwamba kosa ni langu, si la dereva wala la barabara. Aliuangalia mkono wake uliofungwa plasta. Kisha akasema, "Basi kajifunze. Mkono utaunga." Uliunga, ingawa ulibaki umepinda kidogo, na kila tulipokutana miaka iliyofuata alinipa ule mkono uliopinda kunisalimia. Sidhani alikusudia kunikumbusha. Lakini nilikumbuka.

Mzee Ndahani alistaafu, akarudi kwake kulima uwele, na miaka michache baadaye tukamzika. Nikachukua meza yake. Mji ukabadilika, makao makuu yalipohamia kwetu yakaja mashangingi meupe kutoka kila wizara, na madereva wenye miwani myeusi wanaosema tu, "Fundi, gari linalia," bila kueleza linalia wapi wala lilianza lini. Nilitengeneza mengi. Lakini nawaletea kisa kimoja cha mwisho, kwa sababu kilinikuta nikiwa nimebakiza wiki tano kustaafu, na kwa sababu ndicho nilichokifanya kama nilivyofundishwa.

Kulikuwa na timu ya madaktari wa macho iliyokuwa ikizunguka vijijini. Walikuwa wanne: daktari, wauguzi wawili na dereva. Huko wanakokwenda mara nyingi hakuna nyumba ya wageni, kwa hiyo walikuwa wamepewa tela dogo la kulala, lenye vitanda vinne vya kukunja, sinki, tangi la maji na kabati za vifaa. Lilikuwa zuri kwa kweli, jeupe, na madirisha madogo yenye mapazia. Likivutwa na pikapu yao mtu alidhani ni gari la bibi harusi. Tatizo ni kwamba bibi harusi huyo alikuwa anamkalisha bwana chini.

Dereva wao, Sospeter, Mnyamwezi mwenye sauti ya upole, aliingia uwanjani siku ya Jumatatu akiendesha taratibu kama anayebeba mayai. Nilitoka kuangalia. Pikapu ilikuwa imechuchumaa. Taa zake za mbele zilikuwa zinaangalia paa la stoo.

"Shikamoo, Mama Rama."

"Marahaba. Imeanza lini?"

"Tangu tupewe tela, mama. Nimeshaenda gereji mbili. Ya kwanza waliniwekea shokapu mpya. Ya pili waliweka mpira mgumu katikati ya springi na ekseli."

"Zikasaidia?"

"Mpira ulidumu mpaka Mayamaya, hapo karibu tu."

Nikamweleza, na ninawaeleza na ninyi, kwamba shokapu haibebi mzigo. Kazi ya shokapu ni kutuliza kudundadunda. Kumbadilishia shokapu mtu ambaye gari lake limekaa chini ni kumpa miwani mtu anayeumwa mguu.

"Usukani je?" nikauliza.

Sospeter akaangalia kando, kama mtu anayetaka kusema siri ya nyumbani. "Usukani umekuwa mwepesi, mama. Juzi kwenye mteremko wa Kondoa niligusa breki, tela likaanza kutikisa mkia. Daktari alikuwa amelala kiti cha nyuma. Sikumwambia. Kuna mahali niligeuza usukani, na gari likachelewa kunisikia."

Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Nilimwambia azime gari na anipe funguo.

Mchana akaja mkuu wetu wa usafiri, Bwana Lukindo, mtu wa makaratasi lakini si mtu mbaya. Alikuwa amesikia. "Tela hilo lirudi stoo," akasema. "Safari yao ya kijijini Haneti ifutwe. Sitaki watu wafe kwa ajili ya vitanda vya kukunja."

Nami moyoni nilikubaliana naye. Ningekuwa mwoga kidogo tu zaidi, kisa kingeishia hapo. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama daktari mwenyewe, Dokta Neema, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na mkononi alikuwa na karatasi yenye majina.

"Shikamoo mama," akaniambia. "Hawa wote wana mtoto wa jicho. Tuliwapima mwezi uliopita, tukawaambia tutarudi Ijumaa kuwafanyia upasuaji. Wengine wanatoka mbali, wanaongozwa kwa fimbo. Wameshaambiwa Ijumaa. Tusipofika, wengine hawatakuja tena. Watasema ni kawaida yetu."

"Mkienda bila tela?"

"Vifaa havienei kwenye pikapu, na hatuna pa kulala. Upasuaji tunafanyia zahanati, lakini vitanda vya zahanati ni vya wagonjwa."

Bwana Lukindo akanigeukia. "Fundi Hadija, wewe unasemaje? Lakini ujue, ukisema liende, wewe ndiye utakayesaini."

Nilikuwa na wiki tano za kazi. Ningeweza kuzimaliza nikinywa chai. Nikasema, "Nipeni mpaka Alhamisi. Sitasema liende wala lisiende mpaka nimepima."

Kwanza nilipima kama siku yangu ya kwanza, katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu bila dereva. Kisha tukarudisha mizigo kama walivyokuja nayo, tukafunga tela, nikapima tena. Nyuma ilishuka sentimita kumi na moja. Mbele ilipanda sentimita nne. Ile nne ya mbele ndiyo iliyoniogopesha. Mafundi wengi huangalia nyuma inayoshuka, kwa sababu ndiyo inayoonekana; inayokuua ni mbele inayopanda.

Kisha nikataka kujua pua ya tela inakandamiza kwa uzito gani. Hatukuwa na mizani ya kazi hiyo. Dokta Neema akauliza, "Mizani ya kupimia wagonjwa inafaa?"

"Inafaa, lakini tukiiwekea pua yote itakufa."

Tukafanya hivi, na mjifunze maana haihitaji chochote cha kuagizwa. Tulichukua ubao mgumu, ncha moja tukailaza juu ya tofali, ncha nyingine juu ya mizani. Tukagawa ubao sehemu tatu sawa, na pua ya tela tukaishusha kwenye alama iliyo karibu na tofali. Hapo mizani hubeba theluthi moja tu ya uzito. Ilisoma hamsini na nane, baada ya kuondoa uzito wa ubao. Mara tatu, ni kilo mia moja sabini na nne. Kisha Sospeter akalivuta tela polepole hadi kwenye mizani ya magari ya ghala la nafaka, na lote kwa jumla lilikuwa na kilo mia tisa. Pua inatakiwa ibebe sehemu moja ya kumi, au kuzidi kidogo. Ikipungua sana, tela hutikisa mkia barabarani. Ikizidi, gari huchuchumaa. Hili letu lilikuwa limezidi karibu mara mbili.

"Kwa hiyo si springi?" Sospeter akauliza.

"Bado hatujafika kwenye springi. Fungua milango ya tela."

Niliingia ndani. Karibu na pua, pale penye mlango, palikuwa na betri mbili, kasha la vyuma vya upasuaji, tangi la maji lililojaa pomoni, na madumu mawili ya maji ya akiba kwa ajili ya kuhofia kwamba tangi halitatosha. Gurudumu la akiba lilikuwa limefungwa nje, puani vilevile. Na kwenye pikapu yenyewe, jenereta ilikuwa imewekwa mwisho kabisa, mlangoni.

"Nani alipanga hivi?"

Muuguzi mmoja akainua mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi, mama. Niliweka vinavyotumika sana karibu na mlango."

"Kwa jikoni ungekuwa sahihi," nikamwambia, naye akacheka kwa aibu.

Tukahamisha. Betri na kasha tukavisogeza juu ya magurudumu ya tela, chini kabisa, tukavifunga kwa mikanda. Gurudumu la akiba tukalipeleka chini ya sakafu. Madumu tukayashusha yabaki karakana, na tangi tukakubaliana liende nusu, lijazwe wakifika, maana Haneti kisima kipo. Jenereta tukaisukuma mpaka ikagusa kabini ya pikapu, mbele ya ekseli ya nyuma. Hakuna chuma kilichokuwa kimeguswa bado. Tukapima upya: pua ilikuwa kilo tisini na tisa. Nyuma ya pikapu ikapanda sentimita tano kwa kuhamisha mizigo tu.

Sospeter alizunguka gari mara mbili. "Mama, na gereji mbili zote zile?"

"Hawakupima, mwanangu. Na mimi niliwahi kutopima."

Bado kulikuwa na sentimita sita. Siku ya Jumanne nikaingia chini. Niligundua kwamba mkono wa chuma wa kufungia tela ulikuwa mrefu kupita kiasi, umetoka nyuma ya bampa karibu urefu wa mkono wa mtu, na umewekwa chini. Kadiri mkono unavyokuwa mrefu ndivyo tela linavyopata nguvu ya kuinyanyua mbele, kama mlango unavyosukumika kirahisi ukishika mbali na bawaba. Tukaukata, mchomeleaji wetu akaufunga upya kwa bamba nene la chuma na bolti, ukawa mfupi na ukapanda juu mpaka tela likakaa sawa na ardhi. Kabla ya hapo lilikuwa limeinamisha kichwa, nalo likiinama hujitupia uzito puani lenyewe.

Mwisho ndipo nikafungua springi. Nilizining'iniza, nikazigonga. Cha kwanza, kengele. Cha pili, kengele. Cha tatu cha upande wa kushoto, sufuria. Ufa ulikuwa umejificha mahali pa kubana, hauonekani kwa jicho. Vipande vingine vilikuwa vizima lakini vimechoka, vimenyooka kama vijiko vilivyokanyagwa.

Springi mpya zingefika baada ya wiki mbili. Kijana wetu mmoja wa zamu akapendekeza tufunge za lori, zilikuwepo stoo. Sikumgombeza; nilimwona kama ninavyojiona kwenye kioo cha zamani. Nikamwambia, "Hizo zitalinyoosha gari na kuvunja migongo ya madaktari, na kwenye rafu rodi gari likiwa jepesi litaruka kama mbuzi." Nyuma ya karakana kulikuwa na pikapu ya aina ileile iliyopinduka ikafutwa kwenye orodha, na springi zake nilizikumbuka kwa sababu nilizifunga mimi miaka miwili kabla. Tukazishusha. Zote zililia kengele. Tukaongeza kipande kimoja tu cha msaada kila upande, kile ambacho hakigusi kitu gari likiwa tupu, huanza kubeba mzigo ukishuka. Tukaweka bushi mpya na bolti mpya za kubania. Matairi ya nyuma tukayajaza upepo wa mzigo.

Alhamisi mchana tukafunga tela na mizigo yote, nikapima mbele ya Bwana Lukindo. Nyuma ilikuwa imeshuka sentimita mbili na nusu. Mbele ilikuwa imepanda chini ya nusu sentimita. Taa zilikuwa zinaangalia barabara.

"Unasaini?" akauliza.

"Nitasaini. Na kesho nitapanda."

"Upande wewe? Una wiki tano, mama!"

"Ndiyo maana."

Tuliondoka Ijumaa alfajiri baada ya sala. Nilikaa mbele na Sospeter. Dokta Neema na wauguzi wake nyuma. Kwenye lami nilimwambia Sospeter aongeze mwendo kidogo, apunguze, abadilishe upande polepole, huku mimi nikiangalia tela kwenye kioo. Lilitufuata kama ndama. Hata hivyo sikufurahi. Lami humfurahisha kila mtu.

Tuliacha lami tukashika barabara ya vumbi. Mvua zilizopita zilikuwa zimeichana mikato mikato, na katikati ya mteremko mmoja mrefu, wenye kona ya kulia chini yake, kundi la ng'ombe lilitoka vichakani likatandaza barabara nzima. Mchungaji alikuwa upande wa pili, anapiga miluzi bila mafanikio.

"Breki!" nikasema, ingawa Sospeter alikuwa ameshakanyaga.

Nilisikia mbele ya pikapu inainama na kung'ata changarawe. Mbele kuinama ni jambo dogo, ninyi mtasema, kila gari huinama. Mimi nilikuwa nimeusubiri mwinamo huo tangu siku nilipoona mistari iliyonyooka pale kwenye kona ya Kongwa. Sospeter alikata usukani kulia. Gari likaenda kulia. Tela likaja nyuma yake bila kutikisa mkia, tukapita kati ya fahali mmoja na kichuguu, tukasimama salama chini ya kona vumbi likitupita.

Kisha Sospeter akaachia usukani, akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Limenisikia!" akapaza sauti. "Mama Rama, limenisikia!"

Dokta Neema alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono yote miwili. "Ingekuwa wiki iliyopita?" akaniuliza.

"Wiki iliyopita tungekuwa tunaongea na wale ng'ombe."

Alicheka mpaka machozi, na wauguzi wakacheka, nami nikacheka.

Haneti watu walikuwa wameshajaa uwanja wa zahanati. Wazee kwa akina bibi, kila mmoja na mtoto au mjukuu wa kumshika mkono, wamekaa kivulini wakiwa wameelekeza masikio barabarani. Waliposikia gari, wote walisimama. Walifanyiwa upasuaji siku hiyo na iliyofuata, mmoja baada ya mwingine, na tela lile jeupe likasimama sawasawa pembeni, mapazia yanapepea.

Jumamosi asubuhi wale wa siku ya kwanza walianza kufunguliwa bandeji. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Bolti mpya za springi lazima zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, maana chuma hukaa mahali pake kikitikiswa; mkisahau yote, msisahau hilo. Nilitandika gunia, nikaingia chini ya pikapu na spana. Nati zilikuwa zimelegea robo mzunguko, kama nilivyotegemea. Nikazikaza zote nane.

Nilisikia nyayo zinakuja, fimbo, halafu fimbo ikasimama. Sauti ya bibi mzee ikasema, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kigogo, "Daktari! Daktari, njoo, jicho hili mmeliharibu!"

Dokta Neema alikuja mbio. "Kuna nini, bibi? Unaumwa?"

"Siumwi. Lakini linaniongopea. Linanionyesha mwanamke yuko chini ya gari."

Nilijisukuma nje, mavumbi mwili mzima, spana mkononi, nikamsalimu kwa lugha yake, "Mbukwenyi, bibi." Alikuwa mdogo wa umbo, mgolole begani, jicho moja wazi na jekundu kidogo, lingine bado limefungwa. Aliinama karibu na uso wangu, akaninyanyua kidevu kwa kidole kama mtu anayekagua nafaka sokoni, akaniangalia kwa muda mrefu, jicho lile halipepesi.

"Una grisi shavuni," akasema hatimaye. "La kushoto."

Nilijipangusa kwa kiganja, nikakiangalia kiganja. Kweli, lilikuwa la kushoto.